Laini Iliyobaki Wazi

Kabla ya Shaweji, kichwa changu kilikuwa kitabu cha simu.
Nilikaa ubaoni, jengo la simu, Samora,
waya mkononi, visikizi masikioni,
nikijua namba mia nne bila kufungua ukurasa:
ghala la pamba Kurasini, kiwanda cha bia,
daktari wa meno Mtaa wa Zanaki, mkewe, na yule mwingine.
"Mwajabu ana mashine humu," msimamizi alisema
akinigonga utosi kwa kalamu.

Mwezi wa saba wa mimba nikamuunganisha balozi na bucha.
Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikajifungia msalani
nikalia, kwa kuwa nilitaka ndimu
na sikukumbuka ndimu inaitwaje.

Mama akasema mtoto hula akili kwanza, maziwa baadaye.
Ukimwachisha ziwa, itarudi.
Haikurudi.
Au ilirudi, ila si kwa mlango ule.
Maana nilisahau namba mia nne
lakini nilitenganisha kilio cha njaa na kilio cha sikio
kupitia kuta mbili, na masika yakipiga bati la Keko.
Umeme ukikatika, gizani,
mkono wangu ulimjua mbu alipotua shavuni pake.
Niliijua homa kabla homa haijajijua.

Leo nina miaka sitini na minne, kichwa chaniuma upande,
na Muhimbili wamenilaza ndani ya bomba
linalogonga kama mafundi bati wa Gerezani.
"Usitikisike, Mama," anasema Nakunda, mpiga picha,
tumbo lake la miezi sita likigusa ukingo wa kitanda.

Baadaye ananionyesha:
kijivu, mikunjo, kama kitenge kilichoanuliwa
na bado hakijapigwa pasi.
"Sioni cha kutisha, ila daktari ndiye atakayesema."
Nikamuuliza, wanangu je, wanaonekana?
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Akasema amesoma, usiku, anapokosa usingizi,
kwamba mimba hupunguza ubongo,
si kwa panga, bali kwa mkasi wa fundi cherehani
anayekata kitambaa ili vazi likukae.
Kwamba alama hudumu miaka; wengine wanadhani hadi kaburini.
Na kwamba chembe za mtoto huvuka, huingia damuni mwa mama,
na wamezikuta, za kiume,
ndani ya bongo za wanawake waliozeeka.

Za kiume.
Shaweji yupo Chanika, hapigi simu mpaka aishiwe.
Lakini Sefu.
Sefu wa siku tisa, tuliyemzika Kisutu,
sanda ikabaki nyingi,
nikaikunja na sijui niliiweka wapi.
Sefu nisiye na picha yake hata moja.

"Kuza hapo," nikasema.
"Wapi, Mama?"
"Popote."
"Hazionekani kwenye hii. Ni ndogo mno."
"Najua. Wewe kuza tu."

Akakuza. Tukatazama kijivu, kisha kijivu kikubwa zaidi,
mpaka mgonjwa mwingine akabisha hodi.

Miaka thelathini na saba naamka saa nane kasorobo usiku.
Ziwa limenyauka, nyumba ni kimya, jokofu tu linanung'unika,
nami naketi kitandani nimetega sikio.
Watoto husema ni uzee. Shehe alisema ni ibada inaniita,
nikaanza kuswali, na ni vizuri.
Lakini kabla ya kutawadha, kwa pumzi moja, huwa niko ubaoni:
taa ndogo imewaka
na zamu ni yangu.

Nilifika getini ndipo nikakumbuka kadi ya bima.
Nikageuka. Nakunda alikuwa anakuja, polepole,
mkono mmoja kiunoni,
akasimama mbele yangu, paji limekunjamana.
"Mama, samahani. Nilikuwa nakuletea nini vile?"

Nikamwonyesha mkono wake mwenyewe.