Mguu wa Cherehani

Kwanza nilihesabu siku kwa vidonge.
Kisha kwa mbuzi wa jirani, anayekuja kila asubuhi
kunusa hogo langu pale kizingitini
kama anayeulizia bei.

Mifupa miwili ya mguu wa kulia,
na ubavu mmoja wa kusindikiza.
Pikipiki iliikataa kona ya Kitangari,
mimi na majora mawili ya khaki tukaikubali.
Ndanda waliuvuta mguu mpaka nikataja majina ya watu
niliokuwa nimeapa sitawataja tena.
"Wiki nane," akasema daktari,
kama mtu anayesema kesho.

Usiku mguu una mambo yake.
Nikilala, wenyewe unaamka,
unabisha hodi kama mpangaji aliyesahau ufunguo,
na mwenye nyumba ni mimi, na ufunguo sina.
Somoe, bila kufumbua macho,
ananiwekea kiganja pajani. Haulizi.
Miaka kumi na minne tumelala kitanda hiki;
anaijua pumzi ya usingizi,
anaijua na pumzi ya mtu anayejikaza.
"Lia basi. Watoto wamelala."
Nakataa. Kisha nalia kidogo,
kama bomba letu la mtaani hapa Newala:
matone mawili, halafu hewa ndefu.

Ananiogesha uani, juu ya kigoda,
mguu umevikwa mfuko wa salfa uliofuliwa mara tatu.
Maji ndoo moja, ya kununua.
"Geuka."
"Sigeuki."
"Geuka, mwanaume, mbona maiti hawabishi?"
Nacheka, ubavu unanikumbusha kwamba upo.

Ndani ya hogo mna sisimizi.
Hakuna sisimizi, Somoe amemulika na tochi.
Lakini wamo.
Dadi kaniletea spoku ya baiskeli,
kaipangusa kwa shati la shule.
Nilipoupenyeza ule waya, jamani,
hata siku ya harusi sikufumba macho namna ile.

Mama mkwe kaja kutoka Mnyambe na kapu la ming'oko,
na neno lake moja: "Mkwe, mfupa hauungwi kwa kununa."
Siku tatu alizokaa sikununa,
angalau mchana.

Cherehani imekaa kona, chini ya shuka,
kama mgeni aliyeudhika.
Januari hiyo inakuja, shule zinataka kaptula.
Pesa ya korosho ingali kwenye stakabadhi,
na stakabadhi haina mchuzi.
Mguu wa kulia ndio uliokuwa fundi.
Huu wa kushoto
sikuwahi kuufundisha kazi.

Jumanne, wala sikumtuma mtu,
Asumini akaivua mashine shuka lake,
akaingia chini ya meza,
akaweka viganja vyote viwili juu ya kanyagio.
"Baba, shona."

Mshono wa kwanza ulikwenda kama mlevi wa uraka.
Wa pili, kama mlevi anayekumbuka kwao.
"Polepole!"
"Hivi?"
"Simama!"
"Nimesimama, Baba, ni wewe unayevuta!"
Sindano ikanidunga kidole, nikakinyonya,
nikajikuta nimefurahi:
maumivu mapya, madogo,
yenye sababu ninayoiona.

Kaptula nne mpaka adhuhuri.
Moja, mfuko umepanda juu kuliko mwenzake.
Somoe kaigeuza, kaigeuza tena.
"Hii haiuziki. Hii ya Dadi."
Dadi kaivaa hapohapo, mkono mmoja mfukoni,
kiwiko kimesimama kama mpini wa birika,
kaenda kumwonesha mbuzi.

Asumini hakungoja hata ugali.
Alilala mkekani vumbi magotini,
viganja vikinuka mafuta ya mashine.
Usiku wa manane mguu ukaja kubisha.
Nikauambia: taratibu,
kuna fundi amelala.