Mgongo kwa Mchezo

Kazi yangu ni kuwapa wachezaji mgongo.
Ndivyo mkataba usemavyo, kifungu cha nne:
mlinzi wa jukwaa atawatazama watu,
hatageuka.
Silesia, Novemba, mji wa makaa,
na jaketi langu la njano lanibana kifuani
kwa kuwa lilikatwa kwa kipimo cha mwanamume.

Mbele yangu watu elfu nne.
Viti wamevilipia, hawavikalii.
Pumzi zao zapanda pamoja
kama mvuke wa sufuria moja iliyoteleka wote.

Krystian yuko kifua wazi, baridi hii,
anaipiga ngoma kama anayeidai kodi ya nyumba.
Kisha wimbo. Hauji masikioni kwanza.
Huingilia soli za viatu,
hupanda magotini, hufika tumboni
na kujinyoosha kama mtoto wa miezi saba.
Nimezaa wawili; najua nisemalo.

Mchezo mimi nausoma nyusoni.
Mpira ukienda kushoto, macho elfu nane yaenda kushoto.
Kona: visigino juu.
Pasi mbovu: mikono kichwani, na yule nesi wa safu ya sita
atatamka neno asilolitamka wodini.
Filimbi ikilia vibaya,
mama wa mwamuzi, popote alipo, hupaliwa chai.

Na mzee Alojzy, safu ya tatu, mkono kwenye chuma.
Miaka thelathini chini ya ardhi
imemwachia mapafu ya kupandia ngazi tu, tena polepole.
Haimbi. Husogeza midomo,
na walio kandokando yake huongeza sauti kidogo,
kila mmoja kidogo,
ili mahali pake pasibaki na pengo.
Hakuna aliyewahi kulisema hilo. Nimeliona.

Dakika ya themanini na tisa.
Filimbi, kisha kimya.
Penalti. Lakini yetu au yao?
Nikamtazama nesi: amemshika mkono mtu asiyemjua.
Nikamtazama Krystian: ameacha ngoma,
sasa ndipo anaisikia baridi, anatafuta shati lake chini ya viti.
Mzee Alojzy amefumba macho.
Hofu na tamaa, nawaapia, huvaa uso mmoja.

Shingo yangu ikataka kuasi.
Ni nyuzi ngapi hizo? Mia na themanini.
Mtu hugeuka zaidi ya hapo akiitwa sokoni.
Nyuma yangu nikasikia mtu akivuta hatua,
moja, mbili,
nyasi mbichi, na kishindo kidogo
kama mlango wa kabati unaofungwa chumba cha pili.

Aliyejua kwanza ni mtoto mabegani mwa babaye.
Kinywa chake kikafunguka bila sauti,
na kabla sauti haijamfikia
jukwaa zima likaniporomokea.

Bia, skafu, kiatu kimoja cha mtu.
Safu ya tisa ikawa safu ya pili,
na mzee Alojzy akadondoka mikononi mwangu,
mwepesi, kama koti lililoangukia kutoka msumarini.
Nikamfumbata ukosi. Kifungu cha nne hakisemi
umfanyeje mzee anayekukumbatia.
Akapeleka mdomo sikioni mwangu
akapiga ukelele,
mmoja, uliopasuka katikati,
uliokaa humo sijui tangu mwaka gani.

Usiku, mume wangu akanidaka mlangoni:
“Ulikuwepo! Liliingiaje? Kulia? Kushoto?
Kipa aliligusa?”
Nikavua jaketi. Supu ya viazisukari ilikuwa imepoa.
“Lilikuwa na meno mawili ya dhahabu,” nikamwambia,
“na lilinuka dawa ya kuchulia mgongo.”

Akacheka, akarudi kwenye televisheni,
akalitazama mara saba, mara nane,
upande huu, upande ule, polepole.
Aliniita nije nilione.
Nikamwambia naja.
Nilikuwa bado nimekaa jikoni, kiganja sikioni,
na sikio linaita.