Kumbe Ulikuwa Unajua

Miaka minne nimekubeba mfukoni mwa aproni,
nimekufuta unga, nimekulisha umeme kila usiku,
na wewe ukaninyamazia.
Leo ndiyo naambiwa, tena na mtoto wa ghorofa ya tisa,
kwamba umejaa milango.

Anaitwa Tekle. Miaka kumi na nne, kucha za buluu.
Namlipa kwa jamu ya jozi changa:
kijiko kimoja, siri moja.
Tumeketi ngazini, maana lifti ya jengo letu hapa Kutaisi
haipandi mpaka uitie sarafu,
na leo sote wawili hatuna chenji.

"Bibi Nanuli, usipapase maneno kama unatafuta chawa.
Bonyeza hiki kipande kirefu kisicho na herufi.
Shikilia. Usiachie. Sasa buruta."
Na kile kijiti chembamba kikaanza kutembea
katikati ya sentensi yangu, taratibu,
kikasimama pale pale nilipokosea jina la Luka,
mjukuu wangu, aliye Poland, apakiaye maboksi usiku.
Miaka minne nimekuwa nikifuta mstari mzima
ili nirekebishe herufi moja!
Nyumba ngapi nimezibomoa kwa ajili ya tofali?

Kijiko cha pili: una pimamaji tumboni.
Nikakulaza juu ya fremu ya picha ya Otar,
ukasema, nyuzi tatu.
Kumbe marehemu ameegemea kushoto tangu mazishi
na mimi nikayasingizia macho yangu.

Cha tatu: nikivua kifaa cha masikio
wewe hubaki macho kwa niaba yangu.
Kengele ikilia, unatetemeka.
Maji yakimwagika jikoni, unatetemeka.
Mbwa wa Guram akibweka, unatetemeka pia,
na hilo Tekle akalizima, kwa kuwa mbwa wa Guram hanyamazi.

Cha nne: kitufe cha ubavuni, mara tano, upesi.
Hapo akanidaka kidole.
"Hicho tusijaribu. Kinaita gari la wagonjwa."
Nikajaribu kwa mdomo tu: moja, mbili, tatu, nne,
nikaiacha ya tano.

Mficha uchi hazai, simu yangu,
na wako umeuficha vyema.
Basi nami nikafunua wangu.
Nilimwambia Tekle kwamba kulikuwa na video moja ya Otar
na kwamba sikuipoteza, niliifuta,
usiku mmoja nilipomkasirikia kwa kufa.

"Lini?"
Nikahesabu kwa vidole. Jumapili nne, na siku moja.
Hakungoja kijiko.
Akafungua picha, akashuka, akashuka tena,
akapita arusi ya Luka, mapishi, risiti za dawa,
mpaka chini kabisa ambako sijawahi kufika,
kwenye chumba cha vilivyofutwa.
Humo ulikuwa umeviweka vyote,
kama nguo za maiti kabla ya kugawiwa.
Sisi huwapa wafu siku arobaini.
Wewe huwapa thelathini.
Chini ya uso wa Otar, kwa tarakimu ndogo: siku 1.

Video yenyewe haina lolote. Sekunde kumi na moja.
Otar yuko ndani ya lifti, anapiga kisanduku cha sarafu kwa kiganja:
"Mwizi wewe! Nimekupa ishirini! Nirudishie ishirini yangu!"
Na nyuma ya kamera mwanamke anacheka,
anacheka mpaka picha inayumba,
ikanichukua muda kumtambua.

Tekle akafuta pua kwa mkono wa sweta.
Akasema ipo albamu nyingine, ya siri, yenye nywila,
kama nataka aifiche humo.
Nikamwambia aiache nje.
Nikampa chupa nzima ya jamu, na kijiko chake.

Kule chini mtu akatia sarafu.
Lifti ikakohoa, ikaanza kupanda.