Bei ya Leo Tu

Miaka ishirini na sita nilikaa dirishani, forodha ya Malaba,
nikisoma karatasi za watu wenye haraka.
Dereva anayeangalia saa mara tatu
ana kitu chini ya turubai.
Kwa hiyo kijana aliposema, "Mama Athieno, ni dakika tisini tu,"
niliitazama saa yake.

Jinja, hoteli mpya, Nile chini ya madirisha.
Tulikula sato, tukanywa juisi ya pasheni.
Akauliza majina ya wajukuu, akayaandika,
kisha akayarudisha moja moja, kila jina na ndoano yake:
"Oketcho mdogo hastahili kuogelea?"
Yeye aliitwa Ssebuliba. Viatu vilimbana, niliona.

Alikuwa akiuza wiki.
Si nyumba, si kiwanja, hata kitanda si chako:
wiki moja kila mwaka, ya kumi na tisa,
katikati ya masika,
kwa milioni thelathini na nane, bei ya leo tu,
kesho haipo.
Nikamwambia kesho naijua,
huja.

Kila meza ikitia sahihi, kengele inalia,
wahudumu wanapiga makofi.
Mume wangu Owere naye akapiga.
Alikuwa akitazama maji yanavyojipinda penye mawe,
na kalamu yao tayari iko vidoleni mwake.

Nikauliza:
ada ya matunzo ni kiasi gani, na nani huipandisha?
Nikifa, nani atairithi hiyo ada?
Nikichoka nikataka kuiuza wiki yangu, wewe utainunua?
Kijana akacheka, akaenda kumwita mkubwa wake.

Mkubwa akaja na manukato na kikokotoo,
akakata milioni nane bila kupepesa macho.
Nikasema, dakika tano zilizopita, hizo nane
zilikuwa za nini?
Akaja wa tatu, mwanamke. Huyu hakuuza kitu, alisikitika tu:
"Wengine hawajazoea kujipenda."
Hapo nilichomwa kidogo. Sikatai.

"Nipeni mkataba niende nao nyumbani."
"Karatasi hazitoki chumbani humu, mama."
"Basi na sahihi yangu haitoki mkononi humu."
Nikaitoa kalamu kwenye vidole vya Owere,
polepole, kama unavyomtoa mtoto kisu,
nikailaza mezani.

Mlangoni nikadai birika la umeme.
Zawadi ni ya walionunua, wakasema.
Nikaifungua barua yao, mstari wa tano,
nikausoma kwa sauti ya Malaba,
sauti ya foleni ya malori sitini.
Birika likaletwa. Halikuwa na risiti.

Ssebuliba alitusindikiza hadi getini.
Tabasamu alikuwa ameliacha ndani.
"Wiki hii, mama, sijauza hata moja," akasema,
na mimi, mwenye maswali yote yale,
sikuwa na neno.

Owere hakusema kitu hadi Iganga.
Hakusema kitu hadi Tororo, mwamba ulipotokea kwenye mvua.
Usiku nikachemsha maji. Birika lilipiga mluzi,
tukageuka wote wawili,
kama kwamba kuna meza imetia sahihi.

"Lakini lile dirisha," akasema,
akiikoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani,
"lile dirisha lilikuwa zuri."

Lilikuwa zuri.