Mteja wa Saa Kumi

Panya nambari kumi na saba amefika leo.
Siku nne alizunguka birikani akigonga kuta,
pua juu, kama mtu anayetafuta jina la shemeji yake.
Leo kakata maji moja kwa moja
hadi kwenye kijukwaa tulichokificha chini ya weupe wa maziwa,
akapanda, akajikung'uta, akatutazama.
Sekunde kumi na mbili.
Daktari Xianyu akapiga meza kwa kiganja, mara moja tu,
kisha akatuambia tuandike: huenda.

Huenda kiini cha mzizi kinalinda seli za ubongo.
Huenda kinapunguza utando unaoganda kati yake.
Nimeliandika neno hilo mara nyingi mwaka huu
hata nikaanza kulisikia kwa maana yake ya pili:
huenda, kila siku huenda,
na bado halijafika kwa mama.

Kutoka Lanzhou hadi Minxian ni mwendo wa saa nne na ushei.
Begini nina mizizi ya danggui, nusu kilo,
niliyouziwa na mtu aliyeapa kwa kaburi la babu yake.
Cha maabara sikuchukua. Niliwaza.
Kichupa kimoja, nani angekihesabu?
Lakini panya ana gramu mia tatu, mama ana miaka sabini na sita,
na kati yao kuna daraja lisilojengwa bado.
Mimi nalipwa mshahara kubeba mawe.

Mama, Qiao Lanxiu, alikuwa mpimaji
katika duka la dawa la ushirika, miaka thelathini na minane.
Kabati la duka lilikuwa na watoto wa kuvuta mia mbili na arobaini;
kila mtoto alimjua kwa mkono, bila kusoma kibandiko.
Nyumbani alikuwa na mmoja.

"Ingia basi, mlango unaleta vumbi. Tunakaribia kufunga."
Saa kumi jioni. Lamao, anayemtunza, ananikonyeza:
leo si siku mbaya.

Naweka mzizi mezani.
Anauvunja. Anaunusa. Anaugusa kwa ncha ya ulimi.
Uso wake unarudi mahali pake
kama kitasa kilichokubali ufunguo.
"Huu umefukizwa salfa. Weupe gani huu?
Danggui wa kweli hauna meno ya bandia.
Ulinunua ngapi?"
Namtajia.
"Umepigwa."

Na ni kweli. Ningeupeleka maabara,
mashine yenye bei ya nyumba ingetaka siku mbili kusema hivyo.

Anavuta hewani mtoto wa kabati
lililopasuliwa kuni mwaka aliostaafu,
safu ya tatu kutoka chini, mkono wa kushoto.
Anachota kisichokuwepo,
anakiweka kwenye mizani isiyokuwepo,
anasubiri mkono wa mizani utulie.
Nami nasubiri naye. Sijui kwa nini nimeshika pumzi.

"Jina lake ni amri," anasema. "Sharti arudi.
Zamani wanawake waliutia kwenye barua za waume walio mbali.
Lakini haurudishi mtu, huu. Unarudisha damu.
Wateja huchanganya."

Anakunja karatasi ya hewa pembe nne, anaifunga uzi,
anaukata kwa meno.
"Nani mgonjwa?"
"Mama."
"Analala?"
"Kidogo."
"Anakujua?"

Jikoni Lamao ameacha kuosha vyombo.

"Huenda," nasema.

Anatikisa kichwa, kama aliyelisikia jibu hilo tangu asubuhi
kwa kila aliyepanga foleni.
Ananisukumia kifurushi. Pesa anazikataa.
"Moto uwe mdogo.
Na usimuulize kama anakujua.
Muulize kama chumvi imetosha."