Fremu ya Saba

Fremu ya bomba jeupe, mita kwa mita.
Naishusha taratibu, kama ninayemfunika mtoto shuka,
nangoja mchanga utulie.
Penseli nimeifunga mkononi kwa uzi wa kushonea kofia.
Hapa Manda Toto, siku ya bamvua, maji yakishatoka
mwamba huwa karibu kiasi cha kuusikia:
kwaru, kwaru,
ni pono, yule ambaye nchi kavu tumemsingizia usingizi,
anakomba mwani juu ya jiwe
kama mtoto anayekomba ukoko chunguni.

Leo simsikii.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu: mchanga, jiwe, mwani.
Ya sita ina chupa.
Ya saba ndiyo yenye tumbawe langu.
Nasema langu. Bwana Famau angenisikia angenikemea:
"Zaharia, wewe ni kalamu. Kalamu haina chake."

Lina upana wa kisahani cha kikombe
na mikunjo kama kiganja kilichokaa sana majini.
Mara ya kwanza kulipima nilikuwa na mimba ya Shekuwe.
Shekuwe sasa anafuata alifu kwa kijiti,
nalo limeongeza upana wa kidole changu cha mwisho.
Mwani ulio ubavuni mwake, Ramadhani haukuwepo.

Niseme haki: mwani hauna ubaya.
Haukuja na panga. Umekuja na njaa ya jua,
na jua ni moja,
kama ndugu wawili na kiwanja cha urithi:
huyu anajenga jiwe kwa jiwe, hana haraka,
yule anaezeka makuti asubuhi,
jioni keshahamia na mke na mbuzi.
Unayumba na mkondo, unampapasa jirani shavuni,
wimbi likija papasa, likirudi papasa,
mpaka palipopapaswa pageuke rangi ya jivu.
Usiku tumbawe nalo hutoa nyuzi zake, likachoma.
Vita vyote hivyo,
na mgeni anayeelea juu anaona bustani.

Nyumba yetu ya Mkomani ni ya matumbawe haya haya.
Lipu ya daka imebanduka, naona nyota nyota,
vyumba vya walionyamaza kabla ya babu wa babu.
Mama mkwe anavipaka chokaa,
na chokaa ni wao pia, waliopitishwa motoni.
Sina ninapoegemea nisimwegemee mmoja wao.

Leo nimevunja mwiko.
Gumba na shahada, konzi moja, nimeung'oa.
Chini yake palikuwa peupe
kama ngozi iliyovuliwa pete.
Nikaandika: mwani, arobaini kwa mia.
Ulikuwa arobaini na tatu.
Pono, sifuri.
Tasi, sifuri.

Jioni Athmani kaweka sinia, kafunika kawa,
ananitazama kama aliyeficha zawadi.
Tasi. Wa kukaanga, ndimu na pilipili,
wamelazwa kichwa kwa mkia.
Nimewahesabu kabla ya bismillahi; ni mazoea.
Kumi na wawili.
"Wa wapi hawa?"
"Wa Manda, dema la Bwanadi. Kula, wangali moto."

Nimekula.
Nimechambua miba, ile inayouma hata mwenyewe akifa,
nikamtilia Shekuwe minofu.
Mmoja hakusafishwa vizuri.
Nilipompasua, tumbo lilikuwa limejaa kijani,
kijani kibichi, kilichotafunwa asubuhi.
Nimeufunika kwa wali.

Sasa wamelala. Kibao kiko gotini, taa inavuta vipepeo.
Kina safu ya walioonekana.
Safu ya walioliwa hakina.
Nimechukua rula ya mtoto, nikapiga mstari pembeni,
nikaandika kumi na wawili,
na juu yake, panapokaa jina la safu,
penseli imesimama mpaka sasa.