Vilio

Zilianza kama uwele uliomwagika,
chembe nyekundu juu ya vifundo vya miguu.
Nikadhani ni upupu wa shambani.
Hazikumwasha.

Juma la mavuno likatokea la pajani,
pana kama kiganja,
na hapo neno likapata miguu:
kiganja cha nani?

Hombolo wanajua kuhesabu.
Walihesabu la mkononi, zambarau ya zabibu iliyopitiliza kuiva,
la ubavuni lililokwisha kuwa kijani,
la begani, la njano, kuukuu.
Wakazipanga rangi kama kalenda
wakaona mwezi mzima nimepiga.
Mama mkwe aliiacha mbukwenyi yangu ikining'inia mlangoni.
Mwenyekiti alinifungia ofisini
akaniuliza kama namwogopa Mungu.

Sechelela alisema, hajanigusa.
Wakatazamana. Wote husema hivyo.

Usiku niliikagua mikono yangu kwa tochi ya simu.
Niliwahi kumshika kwa nguvu? Siku ile ya mbuzi?
Nikalala nimeikalia.

Zahanati, muuguzi Ndahani alichukua glasi ya chai,
akaikandamiza juu ya madoa, akachungulia kitakoni mwake.
"Upele wa kawaida hufifia. Haya yamegoma.
Hii ni damu iliyotoka mshipani ikakosa pa kwenda."
Akauliza: umeanguka? umeumwa na nyoka?
unameza aspirini? fizi je, ukipiga mswaki?
Fizi, ndiyo.
Na hedhi ya siku kumi na mbili
ambayo mimi sikuijua.
Mimi hakuniuliza kitu.

Mjini wakapima chembe sahani,
zile zinazoziba matundu ya mishipa:
elfu sita, mahali pa laki na nusu.
Mwili wake wenyewe ulikuwa unazila,
mbwa wa boma aliyesahau harufu ya wenyeji.

Vidonge vikampa mashavu ya mviringo.
Madoa yakapitia rangi zao zote, yakaondoka
bila kuomba radhi.
Mwenyekiti alileta ndoo ya zabibu, akaiweka chini, akasifia mvua.
Mama mkwe sasa hunisalimu mara mbili.

Jana Sechelela amejigonga kwenye toroli.
Tukakaa tukilitazama likipanda polepole,
bluu, vilio halali la chuma.
Akacheka: "Hili lina mwenyewe."
Nilitaka kulikanda kwa maji ya moto.
Mkono ukasimama njiani.